Kazi Yako ni Ipi? Ini, Metali Nzito na Swali Tusilouliza



Jinja, hapa Uganda, ni mji wa umeme na metali. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese, na shaba ya mgodi wa Kilembe, karibu na Kasese, ikawa inayeyushwa Jinja. Tanuru lile lilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya metali haikuzimika: wachomeleaji wapo, wauza vyuma chakavu wapo, mafundi betri wapo, Jinja na hapa kwetu Mbale pia.

Mtazameni fundi betri. Anapasua kasha kwa shoka, anamwaga asidi mtaroni, anachomoa sahani za risasi na kuziyeyusha kwenye jiko la mkaa. Vumbi la kijivu linamganda kwenye kucha na shati. Jioni mtoto anamkimbilia na kumkumbatia, na mwili wa mtoto hufyonza risasi zaidi kuliko wa mtu mzima.

Metali nzito kama risasi zikiingia mwilini hupenda kung'ang'ania salfa. Seli za ini hujikinga kwa glutathioni, yenye salfa ndani yake. Risasi, zebaki na kadimiamu huinasa, kinga hupungua, utando wa seli hudhoofika. Vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo makazi yake ni ndani ya seli, huvujia kwenye damu, na maabara huviona vimepanda.

Lakini ALT iliyopanda inatuambia tu kwamba seli zimeumia, aliyeziumiza haitajwi. Na kwetu washukiwa ni wengi: virusi vya homa ya ini B, sumukuvu ya mahindi na karanga, waragi, kichocho kwa watu wa ziwani, hata dawa za kifua kikuu. AST hutoka pia kwenye misuli, hivyo aliyeshinda akibeba vyuma anaweza kuwa nayo juu ilhali ini lake ni zima. Atakayeilaumu risasi kwa ALT peke yake atakuwa anabahatisha.

Linalonitia hofu zaidi ni kinyume chake. Majibu ya ini yakiwa mazuri, tunampongeza mgonjwa na kumruhusu aende zake. Kumbe risasi huudhuru ubongo wa mtoto kabla ini halijaonyesha lolote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na kwamba damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Tena damu yenyewe husahau: nusu ya risasi huihama kwa takriban mwezi mmoja, nyingine ikajificha mifupani kwa miongo ya miaka.

Ndugu zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wametufundisha njia. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipompeleka mwanawe kupimwa, kilichopimwa ni risasi yenyewe damuni. Wakazi walishtaki, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa hiyo naziomba hospitali za rufaa za Jinja na Mbale mambo mawili. Kila fomu ya kipimo cha ini iandikwe kazi ya mgonjwa na kazi inayofanyika uani kwake. Na anayeshika betri apimwe risasi damuni, yeye na watoto wake, hata kama ALT yake haina kasoro.