Kipi Kiende Mtandaoni, Kipi Kibaki Maabara



Machi 2020 Tanzania ilifunga vyuo kwa sababu ya UVIKO-19, ikavifungua Juni mosi. Kenya ilisubiri zaidi. Tangu hapo mabishano juu ya kufundisha sayansi mtandaoni hayajaisha, na kila upande unautetea mtandao au ukumbi kana kwamba lazima tuchague kimoja. Mimi nadhani tunalinganisha mtandao na darasa zuri ambalo wengi wetu hatuna.

Ingieni kwenye mhadhara wa kemia wa mwaka wa kwanza. Watu wamejaa hadi madirishani, mhadhiri anasoma slaidi, aliyekaa nyuma hasikii, na anayethubutu kuuliza hayupo. Huko ndiko kuonana ana kwa ana? Mhadhara huo ukirekodiwa, mwanafunzi ataweza kuusimamisha pale alipopotea na kuurudia usiku. Tunachopoteza hapo ni kidogo, ingawa sisi wahadhiri hatupendi kuambiwa hivyo.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Mahali palipokuwa na mhadhara mtupu, waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8; mahali wanafunzi walipojadiliana na kutatua maswali darasani, asilimia 21.8. Mihadhara hiyo iliyoshindwa ilikuwa na mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi wake. Na jambo la kuchekesha: utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa fizikia wa Harvard, ukachapishwa 2019, ulionyesha kwamba waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri walijiona wamejifunza zaidi, ilhali majibu ya mtihani yalisema kinyume. Basi yale madodoso tunayowagawia wanafunzi mwisho wa muhula tuyasome kwa tahadhari.

Maabara ni habari nyingine. Siyadharau majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta. Mradi wa PhET, ulioanzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, unayatoa bure, nami nayatumia. Yanamwonyesha mwanafunzi elektroni zikipita kwenye waya, jambo ambalo hakuna maabara inayoweza kumwonyesha. Lakini bureti, ule mrija wa kudondoshea kimiminika tone kwa tone, haivuji ikiwa kwenye skrini. Bureti ya kweli ina kiputo cha hewa kilichojificha chini ya koki. Tone moja likizidi, pinki hafifu tunayoitafuta inageuka pinki iliyokolea, na kazi yote inaanza upya. Vipimo vitatu vya asidi ileile vinatoa majibu matatu, na mwanafunzi lazima aamue lipi alikatae na kwa sababu gani. Uamuzi huo ndio sayansi yenyewe, na hakuna aliyeupata kwa kubofya.

Waliotutangulia walilijua hili. Open University ya Uingereza, iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1971, ilifundisha kupitia BBC, lakini haikuishia hapo: iliwatumia wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio nyumbani, pamoja na hadubini ndogo ya McArthur, na wakati wa kiangazi ikawaita wakutane kwenye maabara. Wenzetu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nao walikuwa wakifundisha watu walio mbali muda mrefu kabla sisi hatujalazimishwa na ugonjwa.

Na hiyo mihadhara ya kurekodi ina suala la bando. Video ya saa moja inammaliza kijana ambaye simu yake ndiyo kompyuta yake. Tutoe sauti na slaidi nyepesi, na maktaba imruhusu kunakili faili kwenye flashi.

Nawaomba, wakuu wa idara, mwanzo wa mwaka ujao wa masomo mrekodi nusu ya mihadhara ya mwaka wa kwanza, na kila saa mtakayoiokoa muipeleke maabara, kwa vikundi vidogo ambamo kila mwanafunzi anashika bureti yake mwenyewe. Na bajeti ikibana, kateni viti vya ukumbini kabla ya kukata vitendanishi.