Vyumba vya Uani: Kwa Nini Tunahitaji Kanuni za Ujenzi Zinazofuatika



1. Utangulizi

Mada hii inahusu jengo la pili ndani ya kiwanja cha makazi: banda la uani, boi kota, au vyumba vilivyojengwa kwa safu kuambaa ukuta wa nyuma. Hoja yangu ni moja. Majengo haya yanawapa makazi wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye kipato kidogo, kwa hiyo kanuni za halmashauri ziyatambue waziwazi, ziyawekee masharti machache ya usalama na afya, na zitoe kibali kwa muda unaojulikana. Kanuni isiyofuatika haimlindi mpangaji, haimlindi jirani, wala haiipatii halmashauri mapato.

2. Hali ilivyo

Nyumba ya Kiswahili tunayoijua Magomeni, Buguruni na Temeke haikamiliki bila uani. Mbele pana baraza, ndani vyumba vinatazamana ukumbini, na nyuma pana uwanja wenye jiko, stoo na choo. Familia ilipopanuka, stoo iligeuzwa chumba cha kijana. Kijana alipoondoka, chumba kikapangishwa. Ndivyo safu ya vyumba ilivyoanza, na imeendelea hata katika maeneo yaliyopimwa kama Sinza na Kijitonyama, ambako viwanja viligawiwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wale milioni moja walioongezeka wamehitaji pa kulala, na wengi hawana uwezo wa kununua kiwanja wala kupanga nyumba nzima. Mama lishe, dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo na mwalimu anayeanza kazi wanatafuta chumba kimoja karibu na riziki yao, na mara nyingi wanakipata uani kwa mtu. Kwa upande wa pili yupo mwenye nyumba, pengine mstaafu au mjane, ambaye kodi ya vyumba viwili ndiyo inayomlipia dawa na ada za wajukuu.

Pamoja na faida hizo, hatari zipo. Chumba kinajengwa hadi mpakani, dirisha likafungukia ukuta wa jirani na hewa isipite. Bati linamwaga maji ya mvua uani kwa mwenzake. Familia tano zinatumia choo kilichochimbwa kwa ajili ya familia moja, na masika shimo hufurika. Uchochoro unazibwa, na moto ukizuka hakuna njia ya kupitisha watu, sembuse vifaa vya zimamoto.

3. Sheria na utekelezaji wake

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate ruhusa ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi mjini, na halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Msingi huo ni mzuri. Tatizo liko kwenye njia. Anayetaka kuongeza vyumba viwili anatakiwa kuleta michoro ya kitaalamu, uthibitisho wa umiliki na stakabadhi za malipo, na maombi yake yanapita kwa maofisa wa ardhi, mipango miji, ujenzi na afya. Gharama ya michoro peke yake inaweza kula fedha za matofali. Asiye na hati miliki hukwama kabla hajaanza.

Matokeo yake tunayaona sote. Watu wanajenga Jumamosi na Jumapili, usiku, au nyuma ya uzio wa mabati. Fundi hana wa kumkagua. Siku ofisa akifika, ukuta umeshasimama, na kinachobaki ni kupiga alama ya X ya kubomolewa au kunyamaza. Yote mawili ni hasara.

Wakati huohuo, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mpangaji wa uani anaponunua umeme kwa mita inayokatwa kodi, fedha inatoka mfukoni mwake. Si haki mlango wa kulipia uwe wazi na mlango wa kibali uwe mwembamba.

4. Funzo kutoka California

Jimbo la California nchini Marekani lilikumbwa na uhaba wa nyumba, huku miji yake ikizuia majengo ya uani kwa masharti ya maegesho, ada kubwa na vikao vya kusikiliza pingamizi. Kwa sheria zilizoanza kutumika 2017 na kupanuliwa 2020, jimbo liliibana miji hiyo. Ombi linalotimiza vigezo hupitishwa na ofisa bila kikao cha hadhara. Ofisi ina siku 60 za kujibu. Zikipita kimya, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Mji hauwezi kukataa jengo dogo la uani lisilozidi takriban mita za mraba 74 likiwa limeacha mita 1.2 pembeni na nyuma, mradi masharti mengine ya msingi yametimizwa. Jengo lililo chini ya takriban mita za mraba 70 halitozwi ada za miundombinu. Mwaka 2021 jiji la Los Angeles lilianzisha michoro iliyokwisha kuidhinishwa, ambayo mwenye kiwanja anaweza kuichagua na kuitumia.

Hatuwezi kuchukua yote. Viwanja vyetu ni vidogo, na mitaa yetu mingi haina bomba la majitaka. Kwa hiyo sharti letu kuu lazima liwe choo na maji machafu. Kinachofaa kuigwa ni uwazi wa vigezo na ukomo wa muda.

5. Mapendekezo

(a) Kanuni za halmashauri zitaje jengo la uani kama aina ya jengo linaloruhusiwa kwenye kiwanja cha makazi.

(b) Masharti ya lazima yawe matano: umbali kutoka mpakani, dirisha linaloingiza hewa, choo na shimo vinavyolingana na idadi ya wakazi, maji ya paa kubaki kiwanjani au kuelekezwa mferejini, na njia ya kutokea moto unapozuka.

(c) Halmashauri itoe michoro ya mfano ya chumba kimoja, viwili na vitatu, bila malipo, kupitia ofisi za serikali za mitaa.

(d) Jibu litolewe ndani ya siku 30, na ombi likikataliwa, sababu iandikwe.

(e) Mwenye leseni ya makazi au uthibitisho wa serikali ya mtaa aruhusiwe kuomba.

(f) Majengo yaliyopo yakaguliwe na kupewa muda wa kurekebishwa. Bomoabomoa ibaki kwa yale yaliyo mabondeni, kwenye hifadhi ya barabara au yanayohatarisha maisha.

6. Hitimisho

Ndugu washiriki, vyumba vya uani vitaendelea kujengwa, tukivitambua au tusipovitambua. Nawaomba maofisa mrudi ofisini na kuanza na michoro ya mfano, kwa kuwa haihitaji kusubiri sheria mpya. Nawaomba wenyeviti wa mitaa muwaeleze wananchi masharti hayo matano kabla msingi haujachimbwa. Na ninyi wenye nyumba, mpeni mpangaji dirisha, choo na njia ya kutokea, kwani hizo ni haki zake.