Mto wa Budapest na Daraja Lake



Mmenitaka niwaeleze habari za safari yangu ya mwaka 2024 katika mji wa Budapest, mji mkuu wa nchi ya Hungaria. Mambo ni mengi, walakini nitasema juu ya mto tu, na vitu viwili nilivyoviona huko.

Mto Danube wapita katikati ya mji. Magharibi ni Buda, penye vilima na ngome ya wafalme. Mashariki ni Pest, nchi tambarare. Zamani ilikuwa miji mbalimbali, hata mwaka 1873 Buda, Pest na Óbuda ikafanywa mji mmoja. Kale watu walivuka kwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja, nalo likiondolewa wakati wa baridi kwa sababu ya barafu. Mwaka 1820 bwana mkubwa mmoja, István Széchenyi, alipashwa habari ya kifo cha baba yake. Akafika mtoni, barafu ikamzuia yapata juma zima asipate kwenda kuzika. Sisi tuliokwisha kungoja mtumbwi ng'ambo ya mto uliofurika, na msiba unatungoja, twaijua hali hiyo pasipo kufundishwa.

Uchungu ule ukamtia nia ya kujenga daraja la kudumu. Mwingereza William Tierney Clark akalichora, Mskoti Adam Clark akasimamia kazi. Na neno hili lilinishangaza kuliko minyororo yake na simba wake wa mawe: ilitungwa sheria kwamba kila avukaye atatoa ushuru, hata makabaila, ambao tangu kale hawakutozwa. Likafunguliwa Novemba 1849, lakini Széchenyi mwenyewe hakulikanyaga. Alikuwa ameugua akili, amelazwa karibu na Vienna, akafa huko mwaka 1860. Januari 1945 majeshi ya Wajerumani yakalivunja kwa baruti. Likajengwa tena, likafunguliwa tarehe 20 Novemba 1949, miaka mia kamili.

Nalilivuka kwa miguu kutoka Buda, nikashika njia ya ukingoni kuelekea jumba la Bunge. Hapo nikaona viatu vya chuma, jozi 60, vya wanaume, wanawake na watoto, kana kwamba wenyewe wameshuka majini kuoga. Viliwekwa mwaka 2005. Katika baridi ya 1944 na 1945 wafuasi wa chama cha Msalaba wa Mishale, Wahungaria wenyewe kwa wenyewe, waliwaleta Wayahudi pale, wakawaamuru kuvua viatu, kwa maana viatu vilikuwa na thamani. Kisha wakawapiga risasi, wakaanguka mtoni.

Ndani ya viatu vingine watu walikuwa wametia maua. Kimoja kilikuwa cha mtoto mdogo. Mimi ni mwalimu. Viatu vya kadiri ile naviona kila asubuhi mlangoni pa darasa. Nalisimama pale hata mwenzangu akaniita mara ya tatu.