Tangi Limebaki, Wanafunzi Wameondoka

Leo tuzungumze juu ya fedha wanazopewa wanafunzi wa vyuo vikuu ili wakaihudumie jamii, na kile kinachobaki fedha hizo zinapokwisha.

Mwaka 2007, hapa Marekani, Bibi Kathryn Wasserman Davis alitimiza umri wa miaka 100. Badala ya kungoja zawadi, alitoa yeye: dola milioni 1 kwa ajili ya miradi 100 ya amani itakayobuniwa na wanafunzi, kila mradi dola 10,000. Alifariki dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 106, lakini mpango wake, unaosimamiwa na Chuo cha Middlebury katika jimbo la Vermont, umeendelea. Mwanafunzi huandika andiko la mradi, waombaji huchujwa, na wanaofaulu hutumia likizo ya kiangazi kutekeleza walichoahidi. Miongoni mwao wamo vijana waliopeleka miradi yao Kenya, Uganda na Rwanda.

Ni jambo la kupongezwa. Mwanafunzi asiye na jina wala dhamana benki hawezi kukopeshwa fedha za kuchimba kisima. Hata hivyo, likizo ina mwisho wake. Katika majuma machache kijana anatakiwa asafiri, aonane na viongozi wa kijiji, anunue saruji, ajenge, apige picha, kisha aandike ripoti. Lile lisiloingia ndani ya majuma hayo huachwa, na aghalabu linaloachwa ni matunzo.

Nasema haya kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2005, nikisomea uandishi wa habari huku ughaibuni, mimi na wenzangu watatu tulipata ruzuku ndogo ya chuo. Tukaenda katika kijiji kimoja mkoani Tanga, tukajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi. Siku ya kukabidhi watoto waliimba, mzee mmoja akatuombea dua, nasi tukaondoka vifua mbele. Ripoti yetu ilisifiwa sana.

Nilirudi baada ya miaka miwili. Tangi lilikuwa limesimama imara, lakini halikuwa na tone la maji. Koki ilikuwa imevunjika, na gata moja lilikuwa limeng'oka kwa upepo. Vifaa hivyo viwili havikuzidi nauli yangu ya basi kutoka Dar es Salaam. Mwalimu mkuu hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole, endapo wanakijiji walikuwa na ruhusa ya kuligusa tangi letu. Neno lile, letu, halijanitoka moyoni hadi leo. Katika andiko zima la mradi hatukuwa tumetaja jina la mtu hata mmoja wa pale kijijini.

Suala la nani agharimie utumishi wa wasomi si geni kwetu. Oktoba 1966, wanafunzi mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka kulitumikia taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza takriban 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakati ule serikali ilimtaka msomi alipe kwa jasho na kipato chake. Siku hizi mfadhili humlipia. Nadhani katika hali zote mbili tumebishana mno juu ya msomi, na mwanakijiji tukamsahau.

Basi nawasihi wazazi mlio ughaibuni, ambao watoto wenu huenda wakaomba fedha za namna hii. Kabla andiko halijatumwa, mwulizeni kijana maswali matatu. Nani kijijini ameliomba jambo hili? Nani atashika ufunguo wewe ukirudi darasani? Na ni kiasi gani cha fedha kimetengwa kwa ajili ya koki itakayovunjika mwaka wa pili? Akikosa jibu, asivunjwe moyo. Apige simu nyumbani kwanza, azungumze na kamati ya shule au ya maji, aandike upya. Nao wafadhili wakubali kusoma ripoti mbili: moja likizo inapokwisha, na nyingine baada ya mwaka, iliyoandikwa na wanakijiji wenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa likizo ana tiketi ya kurudi, na mwenyeji hupona kweli pale tu dawa inapobaki mikononi mwake.

Lile tangi la Tanga tulilitengeneza siku ile ile, mimi na fundi wa pale pale kijijini. Safari hii ufunguo alibaki nao yeye.