Kosa au Udhuru? Istilahi Moja ya Prosesa Ndani ya Mashine Dhahania



Mada yangu inatokana na mswada wa faharasa nilioundaa mwenyewe, na ambao sasa nautilia shaka. Humo, tukio linaloilazimu prosesa kuiacha amri inayoitekeleza na kwenda kwenye programu ya usimamizi nililiita “kosa”. Neno lilikuwa jepesi, likapita bila swali. Lilinishinda nilipojaribu kueleza kwalo msimbo wa haipavaiza, yaani programu inayoigawa kompyuta moja katika mashine dhahania kadhaa, kila moja ikijiona kuwa ndiyo kompyuta yenyewe.

Tutazame prosesa za jamii ya x86. Namba 0 hadi 31 zimetengwa kwa matukio ya aina hii. Namba 0 ni kugawanya kusikowezekana, kama vile kugawanya kwa sifuri. Namba 13 ni kuvunja masharti ya ulinzi. Namba 14 hutokea amri inapoutafuta ukurasa wa kumbukumbu ambao haupo au hauruhusiwi. Hiyo ya 14 ni sehemu ya kazi za kila siku: mfumo wa uendeshaji huuleta ukurasa kutoka kwenye diski, amri ile ile hurudiwa, na programu haina habari kwamba ilisimamishwa. Nani amekosa hapo?

Waunda prosesa hutofautisha namna tatu, kwa kigezo cha mahali pa kurejea. Ya kwanza hurejea kwenye amri ile ile iliyokwama; naiita mkwamo. Ya pili hurejea kwenye amri inayofuata, kama pale mwandishi wa programu anapoweka kituo ili aichunguze, naiita mtego. Ya tatu haina uhakika wa marejeo; huo ni mvunjiko. “Kosa” linazifuta tofauti zote hizi.

Ndani ya mashine dhahania madhara ya neno hilo huongezeka. Mfumo unaoendeshwa humo huitwa mgeni. Katika prosesa ambazo Intel ilianza kuzitoa mwaka 2005 zikiwa na nyenzo za kazi hii, haipavaiza hujaza ramani ya biti 32, biti moja kwa kila namba. Biti ikiwa 1, tukio humtoa mgeni nje na udhibiti hurudi kwa haipavaiza. Ikiwa 0, mgeni hujishughulikia mwenyewe. (Namba 14 ina masharti ya ziada, ambayo nitayaruka.)

Chukua haipavaiza inayonasa namba 14, kama ilivyokuwa desturi kabla ya prosesa kupewa majedwali ya kurasa ya ngazi ya pili. Swali la kwanza ni hili: tukio ni la nani? Pengine mgeni hajaupanga ukurasa ule. Basi arudishiwe tukio lake. Pengine ameupanga sawasawa, ila haipavaiza ndiyo haijakamilisha jedwali lake la kivuli. Hapo hulikamilisha kimyakimya, na mgeni akaendelea bila kujua. Hukumu ikipotoka, mgeni hubebeshwa jambo lisilo lake, na huenda akaanguka.

Kurudisha nako kuna adabu zake. Msimbo unaoeleza sababu lazima uambatane na tukio. Katika hali ya kawaida prosesa huandika anwani iliyotafutwa kwenye rejista ya CR2. Lakini tukio linapoingizwa kwa mgeni haiiandiki, hivyo haipavaiza yapaswa kuiandika yenyewe. Ikisahau, mgeni atasoma anwani ya zamani na kushughulikia ukurasa usiohusika. Tena huenda mgeni alitolewa akiwa katikati ya kupokea tukio jingine: lile la kwanza lisipohifadhiwa, limepotea.

Ndiyo maana napendekeza “udhuru”. Katika Kiswahili mwenye udhuru si lazima awe mkosaji. Ana sababu, huieleza kwa mwenye mamlaka, naye huipima. Prosesa hufanya hivyo hasa: haiwezi kuendelea, na inataja sababu kwa namba na msimbo. Haipavaiza basi hunasa udhuru, huupima, ama huutatua au huurejesha kwa mgeni. “Hitilafu” niliifikiria pia, lakini tumeizoea kwa umeme na mitambo iliyoharibika. Mwanafunzi akiisikia atamwita fundi.

Wanaisimu mtaniuliza juu ya mtego, ambao aghalabu huwekwa kwa makusudi. Udhuru gani hapo? Sina jibu linaloniridhisha, na sipendi kulivuta neno hadi likatike. Katika mswada mpya nimeuweka mtego chini ya udhuru, pembeni yake nikaandika alama ya kuuliza, na alama hiyo naileta kwenu leo.