Kutengana Hakufuti Ubaba
Kijana anayetengana na mkewe hubaki baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwajibisha kumpatia mwanawe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Pia humruhusu kuiomba mahakama nafasi ya kumtembelea. Kabla ya hapo, afike kwa Afisa Ustawi wa Jamii: wazazi husikilizwa, na makubaliano ya matunzo na siku za kumwona mtoto huwekwa katika maandishi. Ahadi hiyo yahitaji kipato. Hivyo ajiunge na kikundi cha vijana kilichosajiliwa, kiombe mkopo usio na riba. Vijana hutengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Baba afikaye siku aliyoahidi, ijapokuwa mkononi ana kidogo, humwondolea mtoto hofu ya kuachwa.