Maana za Neno "Utatu"



Nimeombwa kusema juu ya neno Utatu. Mzizi wake ni -tatu, na mzizi huo Waha wanao, Warundi wanao. Hapa Kasulu neno hili halikuhitaji mkalimani. Lakini tazameni ile u- ya mbele. Watu watatu njiani ni watatu tu. Mmoja akigeuka, wawili waendelea na safari. Utatu ni hali ya watatu waliofungamana. Mama apikaye alijua kabla ya waalimu: chungu hukaa juu ya mafiga matatu, ondoa moja, mboga zamwagika. Watu wa pwani wasema, Jifya moja haliinjiki chungu. Kwa kufundishia Utatu Mtakatifu, mfano huo naona wafaa nusu tu, maana mafiga ni mawe matatu, bali Kanisa lafundisha Nafsi tatu katika Mungu mmoja.

Theluthi ni jambo jingine. Neno hilo la Kiarabu lagawa, haliunganishi. Na Jumatatu ni ya tatu kwa kuhesabu tangu Jumamosi. (Wageni hukosea hapo kila mara.)

Sasa Mtabila. Katika kambi ile ya wakimbizi wa Burundi ilisikika tatu nyingine: pande tatu, yaani Serikali ya Tanzania, Serikali ya Burundi, na UNHCR. Ndizo zilizokaa kuamua habari za kurudi. Tarehe 1 Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi ya wengi wao ilikoma. Kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 30,000 walirudishwa kwao, kambi ikafungwa. Wachache walioonekana kuwa bado wahitaji ulinzi walihamishiwa Nyarugusu. Wengi walikuwa hawataki kurudi, wakihofia hasa habari za mashamba.

Wengine hupenda kuuita mkutano wa namna ile "mkutano wa utatu". Mimi siwezi. Pande zaweza kupatana juu ya mtu asiyekuwapo mezani; lakini mafiga pasipo chungu ni mawe tu, nayo hayapiki kitu. Basi ninyi mnaoandika habari za miaka ile kwa ajili ya wajukuu, nawasihi, andikeni "pande tatu", tena karibu nalo andikeni Warundi wenyewe walisema nini siku walipopandishwa magarini.